Marehemu Wote Walipenda Kusoma

Tangu nistaafu, vidole vyangu vimekataa kustaafu pamoja nami. Nikikaa mezani vinagonga mbao, nikiwa kanisani vinagonga kitabu cha nyimbo, na juzi mkwe wangu aliniuliza kwa upole kama nimeenda kupimwa presha. Presha yangu ni nzuri. Kinachonisumbua ni kingine, na kwa kuwa nyinyi wasichana wawili mliobaki kwenye ofisi yetu ya kupiga chapa pale Kitale mmekuwa mkiniuliza kazi hii ilikuwaje zamani, nimeamua kuwaandikia kabla sijatoboa meza. Msitafute humu habari za vyeo. Ofisi ilikuwa na viti vitatu, na cheo kilikuwa kukaa mbali na mlango wakati wa mvua.

Nilitoka Bungoma nikiwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Aliyenichukua ni Mzee Wanyonyi, ambaye alikuwa karani wa mahakama kabla ya kuweka meza yake kwenye baraza ya duka la mbegu. Siku ya kwanza hakuniruhusu kuandika chochote. Alinipa mswaki wa zamani, akaniambia nisafishe herufi za taipureta moja baada ya nyingine, kwa maana vumbi la mahindi lilikuwa limeziba matumbo ya 'a' na 'e', na barua za watu zilikuwa zikitoka na madoa meusi. Nilisafisha mpaka saa sita. Mchana ndipo akaniachia mteja, bwana mmoja mrefu aliyetaka kuomba kazi ya ulinzi. Niliandika kama alivyosema: kwamba ana njaa, anaamka mapema, na anaogopa mbwa. Mzee Wanyonyi akaichomoa karatasi, akaikunja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Watu hawaleti maneno hapa uyaandike. Wanayaleta uyavalishe."

Nikajifunza kuvalisha. Barua za kazi zilikuwepo, mikataba ya kukodisha mashamba ilikuwepo, lakini waliotujaza ofisi kila Jumatano na Alhamisi walikuwa wafu. Mnajua kwetu mtu hazikwi kimya. Kabla jeneza halijashushwa lazima historia yake isomwe mbele ya watu: alizaliwa wapi, alioa nani, alizaa nani, ameacha nani. Jina lako likisomwa pale, una baba. Likikosekana, utazunguka uani na sahani yako kama mpita njia aliyesikia harufu ya nyama. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu, wakilia kwa sababu ya mstari mmoja.

Ndiyo maana Mzee Wanyonyi alikuwa na masharti. Mke wa kwanza amtangulie wa pili. Ugonjwa usitajwe, mtu "aliugua kwa muda mfupi" hata kama amelala kitandani miaka minne. Shamba lisielezwe lilivyopatikana. Na la juu kuliko yote: anayeleta karatasi ndiye mwenye karatasi. Mwingine yeyote akija kuongeza au kupunguza, mrudishe kwake. Ukivunja hilo, alisema, panga litaonekana matangani. Siku moja familia moja ya kijiji kiitwacho Kwanza ililigawa sharti lenyewe, maana nyumba mbili za marehemu mmoja zilileta karatasi mbili. Nilipiga chapa zote mbili, na wachungaji wawili wakazisoma juu ya kaburi moja. Marehemu alikuwa na watoto saba saa nne, na kumi na mmoja saa tano. Hesabu hiyo niliwaachia wao na Mungu.

Mzee Wanyonyi mwenyewe aliaga dunia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kompyuta yetu ya kwanza ikiwa bado kwenye boksi. Historia yake niliiandika mimi, na nilimvalisha vizuri. Baada ya hapo nilibaki mkubwa wa ofisi, na kompyuta ikanifundisha uvivu ambao taipureta haikuruhusu. Nilitengeneza faili moja, nikaliita MAREHEMU. Mtu akileta karatasi, nalifungua, nabadilisha majina ya watu na ya vijiji, nahifadhi kwa jina jipya. Yale mengine yalibaki palepale. Kwa miaka kadhaa kila aliyekufa kati ya Kitale na Tongaren alikuwa mcha Mungu, mkarimu kwa wageni, na alipenda sana kusoma, hasa Biblia na magazeti. Mara moja nilisahau kubadilisha mahali fulani, na mzee mmoja akazikwa akiwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Watu walicheka, wakasamehe, wakanywa chai.

Si yote yalikuwa ya kucheka. Kuna kipindi kilikuwa kibaya upande wa mlimani, vijana wakiuawa, na niliandika "alifariki ghafla" mara nyingi hadi nikawa natazama pembeni nikiandika. Wenye karatasi ndio waliotaka hivyo. Walikuja wakinong'ona, mmoja akiangalia mlango. Sikuuliza. Siku hizi nikilala kidogo mchana naamka nikijiuliza wale vijana walikuwa watu wa namna gani kabla ya kufariki ghafla, na jibu ninalo lile la faili tu: wacha Mungu, wakarimu, wapenda kusoma.

Kisha mtandao ukaingia. Tukaweka kompyuta mbili za saiba, za kulipia kwa dakika, kwenye kona, na vijana wakaanza kuja, si kuandikiwa tena, bali kujiandika. Walikuwa wamepata ule mtandao wa marafiki ambao mtu anaweka picha yake na kuuambia ulimwengu alivyoamka. Mimi nilikuwa napita nyuma yao nikijifanya naangalia nyaya. Kijana wa mtaa wa Kipsongo, hapa hapa Kitale, amevaa koti la kuazima, anaandika kwamba yuko mjini kwa shughuli za biashara, na mwenye hilo koti namjua. Msichana anaandika kwamba moyo wake umevunjika, na huku anatafuna muwa na kucheka na mwenzake. Ilinikera, sitaficha. Niliwauliza nani amewauliza. Wakaniambia, "Si ni kujieleza tu, mathe." Kwangu mimi mtu hujieleza akikamatwa, ama akipeleka posa. Kujieleza bila kuitwa niliona ni kama kuvua nguo sokoni.

Sasa nifike pale panaponinyima raha.

Kuna mzee alifariki Tongaren, mkulima wa mahindi, mzee wa kanisa, anayeheshimika. Mwanawe wa kwanza, Wafula, ndiye aliyeleta karatasi, Jumatano asubuhi, imeandikwa kwa mkono safi wa mtu aliyesoma. Mke mmoja, watoto sita, wajukuu kadhaa. Nilifungua faili langu nikafanya kama kawaida. Alhamisi mchana akaja msichana wa miaka ishirini na kitu hivi, Metrine, msusi wa Kipsongo. Mikono yake ilinukia mafuta ya nywele. Alisimama mbele ya meza yangu bila kukaa, akaniuliza kama ni kweli historia ya mzee huyo iko kwangu. Nikamwambia iko.

Alisema yeye pia ni mtoto wa mzee. Mama yake alikuwa akiuza mboga hapa mjini na alishakufa. Hataki shamba, hilo alilisema mara mbili. Anataka mstari mmoja tu wenye jina lake, ili Jumamosi akae kwenye mkeka na watoto wengine na atupe udongo wake kaburini. Alikuwa amekwenda mpaka langoni Tongaren, na Wafula akamwambia baba yake hakuwa na mtoto Kipsongo. Nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikamsomea sharti la Mzee Wanyonyi, kwamba anayeleta karatasi ndiye mwenye karatasi.

Alinitazama. "Sasa mama, karatasi yangu mimi italetwa na nani?"

Mtu asiye na jibu huwa na maneno mengi. Nilimwambia kuna kompyuta iko wazi pale kona, kama anataka kuandika aandike, dunia nzima inaandika huko siku hizi. Nilisema hivyo ili aondoke mezani kwangu. Akaenda, akakaa, akaandika kwa vidole viwili zaidi ya saa moja. Alipoondoka aliaga kwa adabu. Ukurasa wake aliuacha wazi, kwa kusahau, na mimi nilipokwenda kuufunga nikasoma.

Aliandika kwamba baba yake alikuwa akija kila Alhamisi akimaliza shughuli zake mjini. Anavua viatu mlangoni na kuviweka vikitazama nje. Anatoa mfukoni gazeti la juzi, lile lililofungiwa sukari, analinyoosha kwenye goti, anampa Metrine amsomee, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua herufi hata moja. Alianza kumsomea akiwa darasa la tatu. Akikosea neno, mzee hakujua. Akibuni, mzee alijua. Siku moja alibuni kwamba serikali itanunua mahindi yote ya Tongaren, ili kumfurahisha. Mzee alicheka sana, akamwambia, soma kile kimeandikwa, si kile ninataka. Metrine hakumtukana mtu yeyote humo. Mwisho aliandika kwamba huyo ndiye baba aliyemjua, na kwamba Jumamosi atakuwa nje ya ua.

Nilisimama pale nikiwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani. Miaka yote hiyo nimewaandika wazee mia kadhaa, na hakuna hata mmoja niliyemwona akivua viatu. Halafu nikaogopa. Niliona panga la matangani alilolisema Mzee Wanyonyi, na nikaona jina la ofisi likichafuka. Nikashika mausi ili niyafute yale maneno. Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinizuia. Ni stima tu iliyopotea, kompyuta zikazimika. Iliporudi saa moja baadaye ukurasa ulikuwa umejifunga, na yaliyoandikwa yalikuwa yameshafika Nairobi, Eldoret na Uarabuni.

Ijumaa asubuhi Wafula aliingia bila kubisha. Simu yake ilikuwa imelia tangu alfajiri; binamu zake walitaka kujua huyu dada wa Kipsongo ni nani, na wengine huko huko mtandaoni walikuwa wamemtukana mama yake Metrine aliyekufa, kwa maneno ambayo sitayaandika. Wafula alinishutumu kwamba nimeuza habari za familia. Nikaapa sikuuza. Nilimwomba asome mwenyewe alichoandika yule msichana, akakataa, akasema hawezi kusoma takataka. Badala yake aliketi, akachukua historia yangu na kalamu, akaipitia mstari kwa mstari, kama mwalimu. Alipofika "alipenda sana kusoma, hasa Biblia na magazeti," aliweka tiki. Aliniambia anakumbuka baba yake akishika ripoti zake za shule, akiziangalia muda mrefu na kutikisa kichwa. Nami nilikuwa nimesoma ukweli siku iliyotangulia, na sikufungua mdomo. Karatasi haikuwa yangu, nilijiambia. Nilipiga nakala mia mbili.

Printa ilikwama, nakala zikakamilika usiku, kwa hiyo Jumamosi nilizipeleka Tongaren mwenyewe zikiwa zimefungwa kwa kamba. Boma lilikuwa limejaa. Metrine nilimwona nilipofika, amesimama nje ya ua na majirani, amevaa sketi nyeusi, mikono ameifumbata. Hakunisalimu wala hakunikwepa. Nikaingia, nikagawa karatasi zangu, nikapewa kiti cha wageni.

Mpwa wa marehemu ndiye aliyesoma. Alisoma vizuri, majina yote sita ya watoto, kila mmoja akisimama na kukaa. Alipofika mstari ule wa kusoma, kicheko kidogo kilipita upande wa vijana wenye simu, kikafa, kikapita tena. Wafula aligeuka kuwaangalia. Ndipo mke wa marehemu, mama mwenye umri mkubwa ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akainua mkono kutoka kwenye mkeka.

"Simamisha hapo," alisema. "Hiyo karatasi ni ya nani?"

Mimi nilikuwa kwenye safu ya pili, na sikujibu.

"Huyu mzee nimekaa na yeye tangu niko msichana. Hakujua kusoma. Halafu kila Alhamisi akitoka Kitale ananiambia habari ya Nairobi, ya wabunge, ya vita ya watu wa mbali. Mimi nilikuwa najua hiyo habari haitoki kwa macho yake. Nilijua kuna mtoto anamsomea." Alijisogeza mbele kwenye mkeka. "Jana mjukuu amenisomea vile huyo mtoto ameandika. Si uongo. Yuko wapi?"

Watu wa nje ya ua walipisha. Metrine aliingia akitembea upande upande kana kwamba ardhi ina miiba. Mama akampa Biblia ya marehemu, ile ambayo mzee alikuwa akienda nayo kanisani kila Jumapili, na kumwambia, "Msomee mara ya mwisho." Akasoma zaburi moja, taratibu, bila kuinua sauti, sufuria zikigongana jikoni. Baadaye alikaa mwisho wa mkeka, na wakati wa udongo alitupa wake baada ya watoto sita. Wafula hakumzuia wala hakumtazama.

Mimi niliondoka bila kula. Karatasi zangu zilikuwa zimetandikwa kwenye nyasi, watu wamezikalia ili wasichafue nguo. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona haya kazini, kuliko hata ile siku ya mwenyekiti wa akina mama. Nilikuwa na ukweli mkononi Alhamisi, na nikautolea nakala mia mbili za uongo.

Msidhani nimegeuka mhubiri wa mtandao. Wiki hiyohiyo kijana mmoja aliweka picha yake mwenyewe akitabasamu kando ya lile kaburi, koti likiwa lile lile la kuazima, akaandika maneno ya huzuni aliyoyanakili mahali. Nilipoyasoma niliyatambua: yalikuwa na sura ya faili langu. Kwa hiyo wanadanganya kama tulivyodanganya, ila wao wana haraka zaidi. Naanguka upande huu wa hoja asubuhi, jioni naanguka upande ule. Aliyeandika bila ruhusa ndiye aliyesema kweli, na mimi mwenye masharti ndiye niliyepotosha, na bado nawaambia kwamba masharti yale yalizuia damu mara nyingi. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana vidole havitulii.

Lile faili nililifuta Jumatatu. Niliondoka kazini miezi michache baadaye, lakini kabla sijaondoka Wafula alirudi. Alikuja peke yake, akavua kofia, akasema familia inataka kuweka jiwe kaburini, na wanahitaji maneno machache, na watoto waandikwe saba. Hilo la saba alilitamka akiangalia ukuta. Nikafungua ukurasa mweupe, nikaweka vidole tayari, nikamuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani.

Akafikiri. Akasema alikuwa mcha Mungu. Nikangoja. Akasema alikuwa mkarimu kwa wageni. Nikangoja tena.

"Si uandike tu vile huwa unaandikia watu, mama," alisema.

Nikamwambia yule mtu wa faili sinaye tena.

Alizungusha kofia magotini. Nilimwona akitafuta, kwa uaminifu kabisa, na asipate. Mwana wa kwanza, aliyeishi na baba miaka arobaini. Mwishowe alitoa simu, akatafuta jina, akapiga, na kuiweka mezani kati yetu ikiwa kwenye sauti kubwa. Metrine aliitikia, huku nyuma yake wanawake wa saluni wakizungumza. Wafula hakumsalimu. Alimuuliza tu, "Mzee alikuwa anaongea nini huko kwenu?"

Metrine akasema mengi, na mimi nikawa naandika: kwamba alipenda maharagwe ya jana, kwamba hakuamini watu wa utabiri wa mvua. Halafu akasema, "Sana sana alikuwa anaongea juu yako. Ile asubuhi ya kutahiriwa, umetoka mtoni, ukasimama mbele ya kisu. Ati hukupepesa hata jicho moja. Alikuwa anasema hakuweza kukupongeza mbele ya watu, akaenda nyuma ya ghala, akalia huko peke yake. Hiyo amenihadithia hata mara kumi."

Wafula aliinua mkono niache kuandika. Aliinama karibu na simu.

"Rudia hapo," alisema. "Rudia polepole."